Maziwa ya Jioni

Naserian wangu,

Tangu asubuhi tranka lako limefungwa na kufunguliwa mara nne, na anayelifungua ni mimi. Shuka zipo. Ndoo ipo. Orodha ya shule nimeibandika kwa gundi ndani ya mfuniko, kwa hiyo humu sitarudia habari za sabuni na viatu. Wewe uko kwa Koko, kumuaga bibi yako kabla ya basi la kesho. Nimekutuma peke yako makusudi. Nilikuambia nina kazi ya ofisi, lakini sina. Nilitaka chumba kiwe kimya niandike, na sasa kiko kimya nashindwa kukaa. Kila gari likipunguza mwendo hapo nje nadhani ni Bosi Elia, amekuja kuniambia nisirudi Jumatatu.

Tuanzie hapo. Jana jioni uliniuliza mbona sili, nikasema tumbo. Halikuwa tumbo.

Wewe ukiulizwa kazi ya mama yako husema, "Mama anafanya kompyuta." Ni heshima kubwa kuliko ninavyostahili. Ofisi yetu pale Kijenge inauza mfumo, yaani programu ambayo mwenye duka, mwenye nyumba ya wageni au kikundi cha wafugaji huitumia kuandika kilichoingia na kilichotoka. Walioutengeneza ni mafundi. Mimi ni karani. Mteja akishanunua, mimi ndiye ninayekwenda kuchukua madaftari yake ya zamani na kuyaingiza kwenye mfumo, jina kwa jina, namba ya simu kwa namba ya simu. Kazi yangu ni kusoma miandiko ya watu.

Zamani mfumo ulikaa ndani ya kompyuta ya mteja, ukazimika naye alipofunga duka. Kisha Bosi Elia akauunganisha na mtandao. Mteja wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Sokon One, muuza vifaa vya ujenzi. Alisafiri Dodoma, akafungua simu yake akiwa huko, akaona duka lake. Akampigia mpwa wake aliyekuwa kaunta: "Umeuza misumari kilo tatu sasa hivi, sivyo?" Mpwa akaangusha kikombe cha chai. Mzee aliporudi alikuja ofisini mwenyewe, hajaitwa, kulipia mwaka mzima.

"Mama Nase, umeona?" Bosi akaniambia. "Watu hawanunui kompyuta. Wananunua jicho."

Alikuwa sahihi. Kwa wenye maduka alikuwa sahihi kabisa, na bado yuko sahihi. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea, kwa sababu Bosi Elia si mtu mbaya. Ofisi nyingine zilipoona cheti changu ni cha mtihani wa kujitegemea, zilikigeuza nyuma kana kwamba maelezo yameandikwa huko. Yeye alitazama mwandiko wangu, akaniuliza naweza kuanza lini.

Baada ya maduka tukauza kwa kikundi cha maziwa. Kikundi cha kwetu, upande wa magharibi wa mlima, kile ambacho Koko na Babu wanapeleka maziwa. Mimi ndiye niliyekwenda kuchukua daftari.

Nimesimama hapa nikaenda kuchungulia dirishani. Hakuna gari. Naendelea.

Daftari lilikuwa la Mama Loi, yule mama mwenye sauti ya kwaya anayepima na kupokea maziwa kituoni. Ukilifungua kwa mbele unakuta maziwa ya asubuhi: majina ya wanaume, lita, tarehe. Nikafikiri ndiyo yote. Lakini Mama Loi aliponikabidhi alilishika kidogo kabla ya kuliachia, akasema, "Usisahau kuligeuza." Nikaligeuza kichwa chini, nikaanza na ukurasa wa mwisho. Huko nyuma kulikuwa na orodha nyingine inayokuja kukutana na ile ya mbele. Maziwa ya jioni. Majina ya wanawake.

Wewe umekulia mjini kwa sehemu kubwa, huenda hukuligundua jambo hili. Kwetu maziwa ya asubuhi ni ya boma, yanakwenda kwa jina la baba. Ya jioni ni ya mama. Hakuna kikao kilichokaa kupitisha hilo. Baba anajua kwamba ng'ombe anakamuliwa jioni, si kipofu. Ila haulizi ni kiasi gani wala yamekwenda wapi. Kwa kuwa haulizi, hajui, na kwa kuwa hajui, hana la kugawa. Mama naye haendi kutangaza. Wamekaa hivyo miaka na miaka, kila mmoja na heshima yake.

Mimi nilikuwa najua kuliko karani mwingine yeyote ambaye angetumwa pale. Nilikuwa kidato cha tatu nilipokubeba. Babu alisema mbele ya baba zangu wadogo, "Shule kwa huyu imekwisha." Neno likishasemwa mbele ya watu, kwa mzee wa kwetu, halirudishwi. Koko alikuwa pembeni anasugua kibuyu cha maziwa kwa kaa la moto, hakuinua kichwa. Ulipoacha kunyonya ndipo aliponiita nyuma ya zizi, akanifungulia fundo la mara mbili kwenye ncha ya kitenge: pesa zake za maziwa ya jioni.

"Mjini kuna darasa la wanaorudia," akasema. "Nenda. Mtoto atabaki na mimi."

"Na baba je, Yeyo?" nikamuuliza mama yangu.

"Baba yako amekuuliza?"

"Hajauliza."

"Basi."

Nilikwenda darasani madaftari yakiwa kwenye kikapu chini ya majani ya mboga. Babu alizoea kukaa karibu na geti. Kila siku nilimpita. "Shikamoo, baba." "Marahaba. Kuna wingu, chukua mwavuli." Hivyo tu, mpaka nikamaliza. Cheti kilipotoka alikitundika ukutani kwa msumari wake mwenyewe, na hadi leo hajauliza kilipatikanaje. Nilipokuwa msichana nilidhani nimemdanganya. Sasa naamini alikuwa ananifungulia geti kwa njia pekee aliyobaki nayo.

Kwa hiyo nililijua lile daftari. Nikarudi nalo Kijenge nikiwa na sentensi moja, nimeiandika kwa penseli pembeni ya ukurasa: orodha ni mbili, zisichanganywe. Niliifanyia mazoezi njiani kama mtoto anayekwenda kusoma somo kanisani.

Ofisini walikuwa wanajadili bei. Mfumo unauzwa kwa hesabu ya majina, na kamati ya kikundi, ambayo yote ni wanaume, ilikuwa imekubali kulipia jina moja kwa kila kaya. Majina yakiongezeka, biashara ingevunjika. Bosi akaona natazama daftari kwa muda mrefu.

"Mama Nase, mbona orodha ya nyuma nayo ina majina? Ni wanachama wengine?"

"Ni wake zao," nikasema.

"Si ng'ombe ni walewale?"

Nikaifunika ile sentensi ya penseli kwa kiganja. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule, na wewe ulikuwa darasa la sita. Nikasema, "Ni walewale, bosi."

Hakuna mahali niliposema uongo, mwanangu. Nimelirudia lile jibu kichwani usiku na mchana nikitafuta uongo ndani yake, sijauona. Ng'ombe ni walewale. Lakini aliniuliza kwa sababu hakujua, na mimi ndiye niliyekuwa najua, na nikachagua jibu ambalo lingenitoa chumbani haraka. Kisha nikakaa siku tatu nikiingiza majina ya mbele na ya nyuma kwenye mstari mmoja, na kwenye nafasi ya simu nikaandika simu ya baba. Nilifanya kwa uangalifu sana. Sikukosea hata tarakimu moja.

Mfumo ulipowashwa ulifanya kile hasa ulichouzwa kufanya. Maziwa yakipimwa, ujumbe unaruka kwenye simu ya mwanachama. Asubuhi wanaume walifurahi. Jioni simu zikalia tena.

Babu alinipigia baada ya wiki moja. Hakunisalimia kwa kirefu.

"Nashipai, simu yangu inasema nina lita nne za jioni."

"Ndiyo, baba."

"Mimi nina maziwa ya jioni?"

Nikatoka na simu nje ya ofisi.

"Mwanzo nilikuwa nafuta," akasema. "Unakuja, nafuta. Jana tumekaa, ndugu yangu akatoa simu yake akasoma za kwake kwa sauti. Kisha akaniuliza, 'Na kwako ni ngapi?' Sasa ningejibu nini?"

Kumbuka hilo, Naserian. Alikuwa anafuta. Mzee wa watu alijitahidi kutojua kwa wiki nzima.

Lakini likishasomwa mbele ya wengine, hakuna anayeweza kujifanya halijasomwa. Wanaume wakaanza kulinganisha. Mmoja akaenda kituoni kutaka ya jioni alipwe yeye pamoja na ya asubuhi, kwa kuwa kwenye mfumo ni mstari mmoja. Wa pili akafuata, asionekane mjinga. Babu alikwenda wa mwisho kabisa, na nadhani alikwenda kwa sababu ilikuwa aibu kuonekana hakwenda.

Wanawake hawakupiga kelele. Waliacha tu kuleta. Jioni wakawa wanampa mtu wa pikipiki anayepita na madumu, asiyepima, asiyeandika, anayetaja bei anayotaka. Tangi la kupozea maziwa pale kituoni likawa nusu tupu. Nilipokwenda kumsalimia Koko mwezi uliofuata, alinimiminia chai, nayo ilikuwa ya rangi. Nyumbani kwa Koko, chai ya rangi!

"Ng'ombe wamekauka?" nikauliza, nikajua kosa langu kabla sijamaliza.

"Mfumo wenu una macho makali," akasema, akacheka kidogo, akanisogezea sukari.

Hajaniambia neno lingine zaidi ya hilo. Angenitukana ningepona haraka.

Hayo yote yalitokea wewe ukiwa unajiandaa kwa mtihani wa darasa la saba. Ulipofaulu na nafasi ya shule ya bweni Iringa ikapatikana, Koko alikumbatia kichwa chako akaangalia chini, nami nilijua anafikiria nini. Alikuwa amekuwekea jioni zake, kama alivyoniwekea mimi, na jioni zenyewe hazikuwa zake tena. Hili tranka alilileta yeye. Sijui alilipataje.

Wiki iliyopita kamati ikaandika kwamba haitalipia mwaka mwingine, kwa kuwa mfumo umefukuza maziwa. Bosi alichanganyikiwa kweli. Alidhani ni mtandao. Alidhani ni bando. Akakaa na mafundi wakaongeza michoro ya rangi, kijani kwa asubuhi na bluu kwa jioni, ili kila kaya ione vizuri zaidi. Nilikuwa nyuma yake nikimtazama anachagua ile bluu.

Jana, Ijumaa, tukaenda kuwaonyesha. Ukumbi ni lile banda la kituo. Wanaume viti vya mbele, Babu akiwa pembeni na fimbo yake. Wanawake mabenchi ya nyuma, karibu na mlango, Mama Loi na Koko wamekaa pamoja. Koko hakunitazama. Bosi akafungua kompyuta, akaeleza ile kijani, akaeleza ile bluu. Mwenyekiti akasema, "Kijana, umetuonyesha vizuri. Sisi tunauliza maziwa yamekwenda wapi."

Bosi akaniangalia nimsaidie.

Nilisimama. Na hapo ndipo nilipoona ugumu mwingine ambao sikuufikiria njiani. Ile sentensi yangu ya zamani isingefaa tena. Ningeeleza mbele ya wanaume wale maziwa ya jioni ni nini, yanafanya nini, yamemsomesha nani, ningekuwa nimefanya kosa lilelile la simu, tena kwa mdomo.

Nikasema, "Mwenyekiti, mfumo hauna shida. Kosa ni langu. Nilipewa orodha mbili, nikaziandika kama moja. Naomba ruhusa nizirudishe zilivyokuwa."

Mwenyekiti akakaa akinitazama. Kisha akauliza polepole, kama mtu anayepapasa ngazi gizani, "Mwanangu, orodha zilikuwa mbili?"

"Zilikuwa mbili, mzee."

Mtu mmoja akakohoa. Nilisikia tangi likinguruma. Halafu Babu, ambaye katika vikao huwa haongei, akagonga fimbo chini mara moja.

"Kama zilikuwa mbili, ziwe mbili," akasema. "Karani akikosea anasahihisha. Tuendelee."

Wanaume wakaitikia haraka sana, Naserian, haraka kuliko nilivyowahi kuwaona wakikubaliana jambo. Kama watu waliokuwa wamebeba kitu kizito na hatimaye wakaonyeshwa mahali pa kukitua.

Bosi akaninong'oneza, "Na hiyo orodha ya pili ujumbe wake unakwenda simu ya nani?"

"Hauendi popote, bosi. Inaandikwa tu. Mwenyewe akitaka kujua anamuuliza Mama Loi."

"Popote?" Alisahau kunong'ona. "Nani atalipia mfumo unaonyamaza?"

Sauti ya kwaya ikatoka nyuma. "Sisi," akasema Mama Loi. "Majina yetu tutayalipia wenyewe, na Mwenyekiti hatasumbuliwa. Ila hilo jicho lenu, kaka, jioni mlifumbe."

Benchi zima likaangua kicheko. Wanaume wa mbele wakatazama dari, kana kwamba hawakusikia. Babu alikuwa anakagua ncha ya fimbo yake.

Kwenye gari, tulipoingia lami, Bosi akaniuliza.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema ni walewale." Akaendesha. "Nimetumia wiki nzima natafuta tatizo kwenye mtandao. Nimewalipa mafundi wapake rangi. Na jibu lilikuwa meza ya pili kutoka yangu."

Aliponishusha akasema, "Jumatatu njoo na maelezo kwa maandishi. Yote, kuanzia hilo daftari la kichwa chini." Kisha, mlango ukiwa wazi, akaongeza, "Hivi na kule Tengeru, kwa Wameru, iko hivi?"

"Sijui, bosi. Lazima mtu aende akamuulize mpokeaji wao."

Akafunga mlango, akaondoka. Sasa nageuza maneno yake kila upande. Maelezo kwa maandishi huombwa mtu anayefukuzwa. Lakini mtu anayekufukuza hakuulizi habari za Tengeru. Au pengine anataka niyaandike kwanza, halafu nifukuzwe. Ukisikia muhula ujao nimehamia kwa Koko kukamua, usishtuke, na usimwambie mtu kwamba nilistahili. Ada ya muhula huu imekwisha kulipwa. Huo mwingine ni wangu kuuwazia, wewe usiuguse.

Sikuandika yote haya ili nikufundishe kusema. Ningekuwa fundi wa kusema ningekufundisha. Huko utakuta watu wenye sauti kubwa na haraka, watakuuliza jambo ambalo wewe tu ndiye unayelijua, na utaona jibu fupi la kweli linalokutoa mlangoni. Mimi nililitumia. Lilinipa miezi mingi ya mshahara na chai ya rangi kwa mama yangu. Ukifika hapo ufanye utakavyoweza. Ila ujue kwamba mama yako alishafika, na kwamba kurudi baadaye, ukiwa umechelewa na mbele ya watu, nako kunawezekana. Mlango huwa haujafungwa sana kama unavyodhani.

Ngoja. Geti limelia.

Ulikuwa wewe. Nimeificha karatasi hii chini ya kitambaa cha meza, umenisalimia ukapita moja kwa moja chumbani. Umesema Babu ananisalimu na anasema kuna wingu. Nimecheka mpaka ukanishangaa. Januari hii, mlima mweupe kwa jua, wingu liko wapi?

Sasa umekwenda kuoga, nami nimerudi kumalizia. Nilikwenda chumbani kuliangalia tranka mara ya tano. Kwenye kona, chini ya shuka, kuna kitu kimefungwa ndani ya kipande cha kitenge cha Koko, fundo lake lile la mara mbili. Hakikuwepo asubuhi. Mkono wangu ulifika mpaka juu ya fundo.

Nimefunika shuka, nikafunga tranka. Ufunguo uko mezani, juu ya barua hii. Sitaulizia.

Mama